Mwenye Makala Moja

Hebu msomaji mwenzangu, chukua kalamu na karatasi tupige hesabu moja ndogo. Haihitaji kikokotoo. Mchukue msomi yeyote, orodhesha makala zake zote. Ile iliyotajwa na wasomi wenzake mara nyingi zaidi ikae juu, inayofuata ikae chini yake, hivyo hivyo mpaka ile ya mwisho kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Sasa hesabu kutoka juu ukishuka. Kama ana makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10, lakini hana 11 zilizotajwa mara 11, basi kipimo chake ni 10. Kipimo chenyewe kinaitwa h, herufi moja tu. Kwa herufi hiyo watu wanapandishwa vyeo, wengine wanabaki pale pale miaka nenda miaka rudi, na wengine hawaitwi hata kwenye usaili.

Haya, sasa mpigie hesabu hiyo hiyo mtu mwenye makala moja tu. Imetajwa mara ngapi? Sema mia. Jibu ni 1. Sema elfu kumi. Jibu bado ni 1. Hata dunia nzima ikimtaja asubuhi na jioni, kwa makala moja huwezi kuvuka moja.

Mtu ninayemfikiria hapa ni Erasto Mpemba.

Wengi tunamsikia juu juu, mwalimu wa fizikia anamgusia dakika mbili kisha kengele inalia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosikia juu juu. Kwetu Mpemba ni mtu wa kisiwa cha Pemba. Kwa wanafizikia wa Ulaya, Marekani na Japani ni jina la tabia ya maji. Wanaliandika kwenye vichwa vya makala zao kama wanavyoandika jina la Newton. Nilipoisoma makala yake yenyewe ndipo nilipokaa chini. Inaitwa kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya baridi, na alama ya kuuliza mbele yake. Ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza. Ina kurasa nne tu, 172 hadi 175. Na inaanza, jamani, kama hadithi! Anajitambulisha kwa jina lake, halafu anasema anataka kutusimulia ugunduzi wake, uliotokea kwa sababu ya kutumia friji isivyotakiwa. Hakuna milinganyo. Kuna mtu, kuna mahali, kuna haraka, kuna kitu kinachoweza kuharibika. Mimi ninayejifunza kuandika riwaya sikuwahi kupewa mfano mzuri wa kuanza kuliko huo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombewa. Siku moja Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake akamwona, akakimbia kukoroga maziwa mabichi na sukari akayawahisha kwenye friji bila kuchemsha. Mpemba akaona trei ya mwisho inamponyoka, akayatia ya kwake yakiwa bado moto, friji ikifa na ife. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye, likizo, Tanga mjini, akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba wao hutia mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi. Hapa mimi husimama kila nikisoma. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo ambalo mwalimu alikuwa anasema haliwezekani, na walikuwa wanalifanyia biashara! Lakini nani angewataja? Hawakuwa na jarida.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo mtu akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Sote tuliosoma bweni tunajua utani wa namna hiyo unavyokaa mwilini.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha enzi hizo. Ukafika wakati wa maswali, Mpemba akasimama na lile lile lake. Wenzake waliona anawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Aliahidi kwenda kujaribu. Huko Dar akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini mzee asiwe na wasiwasi, watarudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Nilicheka mpaka mteja akanigeukia.

Makala ikatoka na majina mawili, na jina la mwanafunzi ndilo lililotangulia. Sehemu ya kwanza kaisimulia Mpemba kwa mdomo wake, sehemu ya pili Osborne anaeleza majaribio. Wakati huo Mpemba hakuwa tena mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa kwenye chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na kazi aliyoifanya baadaye maishani ilikuwa hiyo ya wanyamapori.

Sasa niseme nilivyolifikia jambo hili, maana msomaji unaweza kujiuliza kijana wa kidato cha nne anayeandika riwaya anatafuta nini katika vipimo vya maprofesa. Mimi kazi inayonipa ugali ni ya steshenari. Nachapa, naprinti, natoa fotokopi, nabaindi. Duka liko karibu na chuo, kwa hiyo wateja wetu ni wanafunzi na wahadhiri. Usiku naandika ya kwangu. Wahadhiri wengi wa sasa wanachapa wenyewe, lakini wapo wazee ambao bado wanaleta karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na mwandiko wao tunaujua sisi tu. Msimu wa kuomba vyeo ukifika ndipo nachapa zile orodha: jina la makala, jarida, mwaka, imetajwa mara ngapi. Chini kabisa, kipimo cha h.

Mmoja wa wazee hao ni mtu wa isimu. Simtaji, wala chuo chake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba kijana. Leo nina jedwali, na linatakiwa kesho."

Nikachapa. Makala zake za Kiingereza zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na namba yake. Moja ilitajwa mara 40, nyingine 9, nyingine 6. Nikafika kwenye makala aliyoandika kwa Kiswahili, inayohusu ngeli za majina.

"Hii niandike ngapi mwalimu?"

"Andika sifuri."

"Sifuri?"

"Mashine haiioni, mwanangu. Haimo humo inamotazama."

Nikaandika sifuri, lakini mkono ulikuwa mzito. Makala ile naijua! Naijua kuliko mwenyewe anavyodhani. Nimeitoa fotokopi mpaka doa la chai lililo ukurasa wa tatu naweza kulichora nikiwa nimefumba macho. Wanafunzi wa ualimu wanakuja nayo kila muhula, wengine wanaleta kopi ya kopi ya kopi, herufi zimefifia, wananiomba nikolezee wino.

Baada ya siku hiyo nikaanza kuwauliza wateja, nikasoma kila nilichopata juu ya hizi namba. Nilichokuta kilinishangaza kidogo, kwa sababu chimbuko lake liko kwenye isimu na mwisho wake uko kwenye fizikia, pande mbili ambazo kwenye korido za chuo hazisalimiani.

Mtu aliyeanzisha hesabu ya kutajwa ni Eugene Garfield, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925. Alianza na kemia, akaingia mambo ya maktaba, na shahada yake ya udaktari, mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilikuwa ya isimu. Ndiyo, isimu. Aliandika namna ya kuifanya mashine isome jina refu la kemikali na kutoa fomula yake. Kwenye chuo hicho alikuwepo Zellig Harris, yule aliyemfundisha Noam Chomsky.

Wazo lenyewe Garfield alilitoa mwaka 1955 katika jarida la Science. Nitalieleza kwa mfano wa kwetu. Tuseme unatafuta maandishi ya Kiswahili juu ya kipimo cha joto. Mwandishi mmoja kaandika jotoridi, mwingine kaandika halijoto, wa tatu kaandika joto basi. Ukitafuta kwa neno moja utawakosa wawili. Maneno yana ujanja, mtu wa isimu analijua hilo kuliko wote. Lakini kama wote watatu wamemtaja Mpemba mwishoni mwa makala zao, wewe anzia kwa Mpemba ufuate nani kamtaja, utawakuta wote mezani. Mawakili wa Marekani walikuwa wakifanya hivyo tangu 1873, wakifuatilia hukumu ipi imetaja hukumu ipi, ili wajue kesi gani bado ina nguvu. Garfield akaupeleka utaratibu huo kwenye sayansi. Faharasa yake iliingia sokoni mwaka 1964, imechapwa kwenye vitabu vinene.

Kwa hiyo, msomaji, faharasa ile ilitengenezwa ili mtu apate cha kusoma. Ilikuwa kamba ya kumfikisha msomaji kwa mwandishi. Nasisitiza hapo kwa sababu baadaye ilikuja kuwa mizani ya kupimia kilo za watu. Na hata mizani hiyo ilileta vichekesho vyake. Mwaka 1992 walitoa orodha ya waliotajwa zaidi katika majarida ya sanaa na fasihi tangu 1980. Katika kumi bora walikuwemo Marx, Lenin, Shakespeare, Aristotle, Biblia, Plato na Freud. Aliye hai kati yao alikuwa mmoja tu, Chomsky, mtu wa isimu.

Kipimo cha h kilikuja mwaka 2005. Aliyekileta ni Jorge Hirsch, mwanafizikia mzaliwa wa Argentina anayefanya kazi Chuo Kikuu cha California, San Diego. Katika makala yake ya kwanza aliwapima wanafizikia maarufu, na aliyeongoza alikuwa Edward Witten mwenye 110. Namba inavutia, lazima tukiri. Ni moja, ni rahisi, huwezi kuipandisha kwa kuandika makala mia za ovyo, wala kwa makala moja iliyobahatika. Hilo la bahati ndilo linalonikwaza. Nani kasema ya Mpemba ilikuwa bahati? Aliuliza swali moja kwa miaka, katika shule mbili, huku akichekwa. Hirsch mwenyewe mwaka 2020 aliandika akilalamika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara, kwamba kinawabeba wanaokwenda na umati na kuwaacha wanaopingana nao. Yeye mwenyewe kwa miaka anapinga nadharia inayokubalika ya upitishaji-umeme wa hali ya baridi kali, kwa hiyo anajua anachokisema. Lakini ndege alikuwa ameshatoka tunduni.

Halafu kuna hili: mashine haijui kusifiwa na kupingwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini, matokeo yanageuka. Ni pigo zito. Kwenye hesabu pigo hilo ni nyongeza ya moja kwa Mpemba. Kisha mwaka 2017 Lu na Raz wakatoa nadharia kwamba mfumo ulioanza na joto zaidi unaweza kweli kupita njia ya mkato, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada wakaonyesha jambo la aina hiyo katika jarida la Nature, kwa kutumia punje ndogo mno ndani ya maji. Moja nyingine, na moja nyingine. Siku hizi watu wa fizikia ya kwanta nao wanaandika juu ya tabia ya Mpemba, mahali pasipo na maziwa wala friji. Maji yenyewe bado yanabishaniwa. Na ukisema alikuwa wa kwanza kuona, si kweli pia: Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliligusia zamani, na mwaka ule ule wa 1969 George Kell alichapisha juu yake Amerika. Jina likabaki kwa kijana wa Magamba. Nadhani, na haya ni mawazo yangu tu, ni kwa sababu yeye peke yake alilisimulia.

Tena wengi wanaoandika jina lake siku hizi hawaitaji makala. Wanasema tabia ya Mpemba, basi, kama sisi tunavyosema volti bila kumkumbuka Volta. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alilipa jambo hilo jina linaloweza kutafsiriwa kama kufutika kwa kumezwa: ukishakuwa sehemu ya maarifa ya wote, watu wanaacha kukutaja. Merton huyo huyo mwaka 1968 aliandika pia juu ya kinyume chake, kwamba sifa huwaendea wenye sifa, akalipa jambo hilo jina la Mathayo wa Injili, pale penye habari za mwenye nacho na asiye nacho.

Nikamsimulia mzee wangu wa isimu haya yote siku aliyokuja kuchukua karatasi zake. Alisikiliza huku anasaini. Kisha akanitajia mtu wa upande wake, Ferdinand de Saussure wa Geneva. Akiwa na miaka 21 alichapisha kitabu juu ya irabu za lugha mama ya lugha za Ulaya na India, na humo akakadiria kwamba lazima kulikuwa na sauti fulani zilizopotea. Hakuna lugha iliyojulikana wakati huo iliyokuwa nazo. Alizipata kwa hesabu ya mfumo tu, kama mnajimu anayesema lazima kuna sayari pale. Mwaka 1927, Saussure akiwa ameshakufa miaka 14, Kuryłowicz wa Poland akazionyesha katika Kihiti, lugha ya kale iliyosomwa upya kutoka vigae vya Uturuki.

"Sasa hicho kitabu kingine," mzee akasema, "hicho tunachokitaja wote, hakukiandika."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe kweli. Saussure alifundisha somo la isimu kwa jumla kati ya 1907 na 1911, akafa 1913, na kitabu kilitoka 1916 kikiwa kimeungwa na Bally na Sechehaye kutoka kwenye daftari za wanafunzi. Hao wawili hata madarasa yale hawakuhudhuria. Kitabu kinachotajwa kila siku katika isimu kimetokana na daftari za vijana waliokuwa wakiandika haraka haraka darasani.

"Angeomba cheo leo," mzee akasema, "wangemwambia alete namba."

Hakucheka sana. Fomu yake ilisharudishwa mara moja.

Nikamwuliza kuhusu kamusi. Maana kwenye kabati letu la dukani kuna kamusi mbili nyembamba zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, moja ya isimu na lugha, nyingine ya biolojia, fizikia na kemia. Taasisi moja, mwaka mmoja, isimu na fizikia. Mimi nazitumia nikikwama kuchapa, na humo ndimo mwandishi wa Kiswahili anamopata maneno ya kusemea mambo hayo. Wangapi wanaotumia maneno hayo wanaweka jina la kamusi mwishoni? Mzee akasema hajawahi kuona. Watu wanakula wali, hawaulizi nani alipepeta mchele.

Sasa nifike kwenye kaunta buku. Bosi wangu ni mtu wa hesabu, kila karatasi inayotoka kwenye mashine lazima iandikwe: tarehe, kitu gani, kopi ngapi, fedha. Nimeandika miaka mitatu. Usiku mmoja, umeme umekatika, riwaya haiendi, nikawasha tochi ya simu nikaanza kufuatisha mistari ya makala ya ngeli tangu Januari hadi Juni. Nikapata kopi 211. Muhula mmoja na nusu, duka moja, mashine moja. Na maduka kama letu kwenye mtaa ule yako zaidi ya sita.

Kesho yake nikamwonyesha mzee.

"Hii ndiyo faharasa yako, mwalimu."

Akalishika lile daftari kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye mistari, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya utani lakini macho hayakuwa ya utani, kama bosi wangu ana muhuri.

Muhuri upo. Lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuugonga. Nilimtolea kopi za kurasa zile hata hivyo, bure, nikalipia mfukoni kwangu ili hesabu ya bosi ikae sawa. Sijui kama alizipeleka.

Kuna jambo hapa siwezi kulipita kimya kimya, kwa sababu wasomaji wa jarida hili ni waandishi au wanataka kuwa. Kila kopi kati ya hizo 211 ni kopi ambayo mwandishi hakulipwa hata senti. Sisi wenye mashine tunakula kwa jasho la watu. Mzee wa isimu hakuandika makala ile apate fedha, yeye kilio chake ni cheo. Lakini riwaya ni jambo jingine, na najua kabisa siku riwaya yangu ikitoka itapita kwenye mashine kama hii hii, mkononi mwa kijana kama mimi. Nimeliwaza, sijapata jibu linaloniridhisha. Asiyesomwa anataka kusomwa kwa njia yoyote. Akishasomwa ndipo anapokumbuka tumbo.

Kaka yangu ananiuliza nitaandika vitabu vingapi. Anauliza kama anavyouliza kuku wanataga mayai mangapi. Anaona heri nichukue cheti cha kompyuta, chuo kipo, ada anaweza kunisaidia nusu, lakini hawezi kunisaidia ada na huku nakesha na daftari. Lazima nimjibu kabla ya Septemba. Nilikuwa namjibu vitabu vingi, kumi, kumi na mbili. Siku hizi naona kimoja kinaweza kutosha, kama kitakuwa na swali lake ndani yake, na kama nitakubali kuchekwa nalo kwa muda mrefu. Hilo sijamwambia, hatalielewa, na pengine ana haki. Mpemba naye alikwenda kwenye wanyamapori, akafanya kazi, akaishi. Hakungoja maji yamlishe.

Wiki iliyopita nilisahau sura ya kwanza ya riwaya juu ya mashine. Binti mmoja wa ualimu alikuja kutoa kopi ya makala ya ngeli, akangoja foleni, na kumbe muda wote huo alikuwa anasoma karatasi zangu. Hakujua ni za nani. Akauliza kama anaweza kutolewa kopi ya hizi nazo. Kurasa 11. Nikatoa, akalipa, nikaandika kwenye kaunta buku mstari kama mistari mingine: tarehe, kitu gani, kopi 1. Pale penye kitu gani nilikaa kidogo na kalamu, kwa sababu sura ile haina jina bado.

Jana karudi anataka ya pili. Iko kwenye daftari, haijachapwa. Nimemwambia apitie Ijumaa.